Shamba Juu ya Meza ya Sebuleni

Jumatatu ya kwanza ya Septemba Wamarekani huadhimisha siku yao ya wafanyakazi. Kesho yake asubuhi mwenyeji wangu aliondoa makombe ya baharini yaliyokuwa juu ya meza ya sebuleni. Aliyafunga moja moja kwa karatasi za gazeti, akayapanga katika kisanduku, akashuka nacho kwenye chumba cha chini ya nyumba. Alipopanda alikuwa amebeba kisanduku kingine. Humo alitoa kitambaa kirefu chembamba cha gunia, akakipiga pasi, akakitandika katikati ya meza kutoka ncha hadi ncha.

Mimi ni mtoto wa Korogwe. Nimekulia kando ya mashamba ya mkonge, na gunia nalijua kwa kazi zake: la kutilia mahindi, la kuanikia mbegu, la kukalia barazani, la kujifunika kichwa mvua ikikukuta njiani. Gunia lililopigwa pasi likapewa mahali pa heshima mbele ya wageni nilikuwa sijaliona. Juu yake aliweka matufaha matatu, mshumaa mnene wa nta ya nyuki, na tawi moja lenye majani yaliyoanza kugeuka rangi kwenye kingo tu. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama, akasogeza tufaha moja kiasi cha upana wa kidole. Kisha akaniambia, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi ya maana, kwamba sasa majira yanaweza kuingia.

Nilikaa naye miaka miwili ya masomo, katika bonde la mto Connecticut, magharibi mwa jimbo la Massachusetts. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nyumba yake ilikuwa ya mbao, ya ghorofa moja, yenye ngazi zinazolia usiku. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza kama wafanyavyo kwao. Ulimi wangu ulikataa. Mtu wa umri wa nyanya yangu sikuweza kumtaja kwa jina kavu, nikamwita Bibi, na nilipomweleza maana yake hakutaka tena jina jingine.

Mwanzoni nilidhani meza ile ni mapenzi yake tu, kama mtu mwingine anavyopenda kufuga paka. Nilipoanza kualikwa chakula kwa majirani na kwa walimu wangu, nikakuta kila sebule ina meza yake ya namna hiyo, na kila mgeni anayeingia huisemea neno kabla hajakaa. Ndipo nilipoanza kuitazama kama desturi ya watu, jambo lenye wakati wake na adabu yake, na nikajutia wiki za mwanzo nilizopita mbele yake bila kusema lolote.

Oktoba nilimpigia mama simu, nikamwambia huku sasa ni vuli. Akaniuliza, "Mvua zimeanza vizuri?"

Swali lake lilinikalia moyoni muda mrefu. Kiswahili kina masika na kina kipupwe, kina kiangazi na kina vuli, na kila jina limetokana na jinsi mvua na pepo zinavyotujia sisi. Majira ya majani kupukutika hatuna, basi watafsiri na walimu wa jiografia wamelichukua neno vuli wakaliazima kwa nchi za baridi kwa sababu miezi inalingana. Lakini vuli ya Korogwe ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Ni harufu ya udongo uliolowa, ni vishimo vilivyopigwa kwa jembe na punje zinazodondoshwa mbili mbili au tatu tatu na kufukiwa kwa wayo. Katika siku zilezile mama anapofukia mbegu, watu wa bonde lile wanavuna ya mwisho na kungoja ardhi igande. Kwao hilo ni neno la kuaga. Na ukitaka kuielewa meza yao, anzia hapo: wanaaga kitu ambacho hawatakiona tena kwa miezi sita.

Meza hiyo ina kalenda yake. Septemba ni ya matufaha, alizeti na matawi ya kwanza. Mwezi ukielekea ukingoni huingia maboga madogo yanayoshikika kiganjani, meupe na ya njano na ya rangi ya chungwa, pamoja na vibuyu vya mapambo vyenye vinundu na shingo zilizopinda, ambavyo haviliki. Oktoba ni mwezi wa wingi: mahindi ya rangi, mashuke ya ngano yaliyofungwa kwa uzi wa katani, matunda ya mwaloni ndani ya bakuli la kioo, koni za msonobari, maua ya krisanthemumu kwenye chungu. Boga linalochongwa macho na meno kwa ajili ya usiku wa Halloween, tarehe 31, hukaa nje kwenye ngazi za baraza. Sebuleni halikaribishwi, na siku chache baadaye hutupwa. Yale mazima hubaki hadi Alhamisi ya nne ya Novemba, Siku ya Kutoa Shukrani. Ijumaa yake kila kitu hurudi kisandukuni na harufu ya msonobari wa Krismasi huanza kuingia nyumbani.

Bibi alinifundisha adabu za kupanga bila kuzitangaza kama masharti. Vitu huwekwa kwa witiri, vitatu au vitano au saba, maana vikiwa shufwa jicho huvigawa mafungu mawili na kutulia mapema. Kirefu kinakuwa nyuma au pembeni, na hakuna kinachozidi kidevu cha mtu aliyekaa, ili walioketi pande mbili za meza waonane nyuso. Kijani kibichi hakitiwi. Mshumaa usiwe na manukato makali ukiwa karibu na matufaha, kwa kuwa tufaha lina harufu yake. Na kulikuwa na sharti moja nililopata kwake tu, sikulikuta nyumba nyingine: kila aliyeishi chini ya paa lile alete angalau kitu kimoja alichokiokota mwenyewe, kisicho na bei.

Cha kwangu cha kwanza kilikuwa jani la mepo, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Nililiokota njiani nikitoka darasani, jekundu kama kanga mpya, na nikatembea nalo kilomita mbili nikilishika kwa kikonyo nisije nikalikunja. Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Akanieleza, mwalimu akiwa amemrudia usoni, kwa nini linakuwa hivyo, na sikulisahau somo lile. Jani huwa la kijani kwa sababu ya klorofili, na klorofili huvunjika na kuundwa upya kila siku maadamu mti una mwanga wa kutosha. Siku zikifupika mti huacha kuiunda. Kijani kikiondoka hubaki njano, na njano ile haikuja leo: ni karotenoidi zilizokuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, zimefunikwa kipindi chote cha joto. Wekundu ni habari nyingine. Wekundu hutengenezwa upya mwishoni, kutokana na sukari inayonaswa ndani ya jani wakati mti unapoanza kuziba njia za kikonyo. Jua kali mchana na baridi usiku, bila jalidi, ndivyo vinavyouzidisha. Wakati huohuo panapoungana kikonyo na tawi huundwa utando wa chembe dhaifu, na siku moja upepo mdogo tu hutosha.

Jani likiachwa mezani hujikunja na kukauka kwa siku mbili. Kwa hiyo wana njia za kulitunza, na karibu kila nyumba ina njia yake. Wengine huliweka kati ya kurasa za kitabu kizito. Wengine huchovya tawi zima katika maji yaliyochanganywa na gliserini, sehemu moja ya gliserini kwa mbili za maji, likanywa pole pole na kubaki laini kwa wiki nyingi. Bibi aliyeyusha nta ya nyuki katika sufuria kuukuu, akachovya jani moja moja kwa kulishika kikonyo, akalitundika kwenye kamba ya jikoni likimwaga matone. Watoto shuleni huyapanga kati ya karatasi mbili za nta na kupigiwa pasi ya vuguvugu na mwalimu, kisha huyapeleka nyumbani, na mzazi hana budi kuyapa nafasi mezani hata kama yameungua.

Maboga na mahindi aliyanunua, na hilo nalo lina desturi yake. Kando ya barabara za Hadley, Sunderland na Whately, vijiji vyenye udongo mzuri uliotandazwa na mto, wakulima huweka meza au gari la kukokotwa mbele ya shamba, hujaza mazao, hubandika bei, na huacha kisanduku cha pesa chenye tundu juu. Muuzaji hayupo. Unachagua, unahesabu, unatia noti kisandukuni, unaondoka. Mara ya kwanza niligeuka nyuma mara tatu kutazama kama kuna mtu anatuona. Bibi alichukua nusu saa nzima kuchagua maboga matano, akiyagonga kwa kifundo cha kidole na kuangalia vikonyo, maana boga lililovunjika kikonyo halidumu. Nilimtazama, nikamwona mama yangu sokoni Manundu.

Mahindi yale ya rangi yalinishangaza kuliko yote. Hindi moja lina punje nyeusi, za zambarau, nyekundu ya damu ya mzee, njano na nyeupe, zimekaa safu moja bila kupangwa. Maganda hayang'olewi, hukunjuliwa nyuma kama ukili, na mahindi matatu hufungwa pamoja kutundikwa mlangoni au kulazwa mezani. Rangi zile za bluu na zambarau ni za anthosianini, na wekundu wa majani ya mepo hutokana nayo vilevile. Wao huyaita mahindi ya Kihindi. Niliposikia jina hilo nilisimama. Sisi pia tumeyaita mahindi, mmea wake muhindi, kwa kudhani yalitoka India, tukiyaona yakifika pwani na watu wa majahazi na merikebu. Wao waliyapa jina la wenyeji wa Marekani, ambao Columbus aliwaita Wahindi kwa kudhani amefika India. Pwani mbili, bahari mbili, na mmea mmoja uliopachikwa jina la nchi ambayo haukutoka.

Ulikotoka ni huko huko bara la Amerika. Wenyeji wa kusini mwa Meksiko waliufuga kutoka kwenye nyasi ya mwituni maelfu ya miaka iliyopita, na boga walilifuga mapema zaidi, yapata miaka 10,000. Wampanoag wa pwani ya Massachusetts walipanda mahindi, maharage na maboga katika tuta moja: muhindi husimama, harage huupanda na kurutubisha udongo, boga hutambaa chini na kuzuia magugu. Wenzao wa Haudenosaunee huyaita mazao hayo dada watatu. Nilimweleza Bibi kwamba kwetu hakuna shamba la mama lisilo na hao watatu, na kwamba hakuna aliyetufundisha kuwa ni ndugu, lakini tumewaweka pamoja. Hata neno la Kiingereza wanalotumia kuliitia boga la kupikwa limetoka katika lugha ya Wanarragansett, majirani wa Wampanoag upande wa Rhode Island. Lugha ilitwaliwa pamoja na mazao, na ardhi pia.

Mama alipoiona picha ya meza hakuuliza habari za rangi. Aliuliza, "Hayo mahindi mtayala lini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu jepesi. Aliyekulia kwenye nyumba ambamo Februari ghala huanza kupungua na watu wakahesabu debe, anaona dhambi fulani katika chakula kilichowekwa kutazamwa. Wapo Waafrika wenzangu niliosoma nao ambao walizicheka meza hizo waziwazi, wakisema hawa wameshiba mpaka wanachezea boga. Mimi sikucheka, na sasa nadhani najua kwa nini. Sebuleni kwa mama kuna meza pia, na inapendwa: imetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa kulabu, kazi ya mikono yake, na katikati kuna chombo chenye maua ya plastiki yanayooshwa kila Jumamosi. Meza hiyo haijui masika wala kipupwe. Hubadilika kwa Idi, kwa harusi, kwa mgeni mkubwa. Mahindi hayaingii sebuleni kwa mama kwa sababu hayana haja ya kuingia; ukifungua dirisha unayaona. Mama yumo ndani ya majira kutwa kucha. Anayaona kwenye kucha zake.

Bibi alizaliwa shambani, bonde lilelile. Baba yake alilima tumbaku na vitunguu, na shamba liliuzwa akiwa msichana. Majirani zake wengi ni wahasibu, wauguzi, mafundi wa umeme, watu ambao babu zao walilima na wao hawana hata tuta moja. Nikaona kwamba kile kinachotandikwa juu ya meza ni shamba lenyewe, limepunguzwa likaenea hatua mbili kwa moja, na linaingizwa nyumbani kila mwaka katika wiki ambazo babu zao walikuwa wakiingiza mazao ghalani. Mavuno hawanayo tena, lakini wakati wa mavuno hawajauacha upite bure. Sioni la kucheka hapo. Naona watu waliokataa kusahau kazi iliyowalea.

Ndiyo maana majani ya plastiki yananiumiza. Madukani yamejaa kuanzia Agosti, joto likiwa bado kali: majani mekundu ya kitambaa, maboga ya povu, mahindi yaliyochorwa. Hayaozi, hayakunjiki, na mtu anaweza kuyatandika bila kwenda popote wala kuokota chochote. Meza ya namna hiyo huwa safi na imekamilika, lakini majira hayajaifikia.

Sebule yenyewe ina historia katika nchi ile. Nyumba za zamani za New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, zilikuwa na chumba cha mbele kilichofungwa karibu mwaka mzima, kikifunguliwa kwa mchungaji, kwa posa na kwa maiti. Sarah Josepha Hale, mwandishi wa New Hampshire, alipochapisha riwaya yake Northwood mwaka 1827, aliandika karamu ya shukrani ambayo meza yake imetandazwa katika chumba hicho cha heshima. Baadaye akawa mhariri wa jarida la wanawake, Godey's Lady's Book, na kwa miaka mingi alitumia kurasa zake na barua zake kwa magavana na marais kudai siku moja ya shukrani kwa taifa zima. Abraham Lincoln aliitangaza tarehe 3 Oktoba 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1941 Bunge likaiweka kisheria Alhamisi ya nne ya Novemba. Jarida lile liliingia majumbani hadi mbali, na mwanamke wa mashambani aliyejifunza humo namna ya kupanga meza alimfundisha binti yake.

Kulikuwa na piano kuukuu katika sebule ya Bibi, na juu yake tulipanga koni za msonobari. Jioni moja alikifunua kifuniko ili anipigie wimbo, nikaona vibao vyake vya rangi ya maziwa yaliyokaa. Ukishuka na mto uleule hadi karibu na bahari, kuna vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, jina la hiki cha pili likiwa na maana ya mji wa pembe za ndovu. Viwanda vyao vilichonga vibao vya piano za Marekani tangu karne ya 19, na sehemu kubwa ya pembe ilinunuliwa Unguja, ikiwa imetoka bara mabegani mwa wapagazi, baadhi yao wakiwa watumwa. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa pwani ya Massachusetts, walikuwa Unguja hata kabla ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Walileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani, wakaondoka na pembe, karafuu na sandarusi. Sandarusi ilisafishwa Salem na kupikwa vanishi iliyong'arisha samani za majumba kama lile. Nilimweleza Bibi. Alinyamaza, akaondoa mkono wake pole pole juu ya vibao, na usiku ule hakupiga wimbo.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, na giza linashuka ghafla. Mwanzoni mwa Desemba jua huzama saa kumi na robo. Kwetu jua halina mchezo huo. Saa kumi na mbili na ushei jioni linakwenda zake, Januari hata Juni, na mtu anaweza kumpangia mwadhini. Wiki ile ya kwanza ya giza nilidhani ninaumwa. Nilirudi kutoka chuoni saa kumi na moja jioni, giza likiwa limekwisha kuingia, baridi ikiuma masikio, nikaufungua mlango, nikakuta mshumaa umewashwa juu ya meza na chungwa lililochomekwa karafuu kuzunguka lote. Karafuu! Bibi alikuwa amekaa nalo mchana kutwa na sindano ya kufumia, akitoboa tundu na kuchomeka, akitoboa na kuchomeka. Kumbe ni desturi yao ya siku za baridi, chungwa hukauka taratibu na kunukia miezi. Sikumwambia neno. Nilikaa kwenye zulia na koti langu mwilini, nikavuta harufu ya maghala ya Malindi, Unguja, nikalia mpaka nikapoa. Naye alikaa kando yangu bila kuuliza.

Wageni walipokuja Alhamisi ya shukrani walikuwa kumi na mmoja. Chakula kililiwa chumba kingine, kwenye meza ndefu, bata mzinga na viazi na mchuzi wa kranberi, tunda dogo jekundu chachu linalovunwa kusini-mashariki mwa jimbo kwa kufurisha mashamba maji mpaka matunda yanaelea. Lakini kabla ya chakula wote walikusanyika sebuleni. Kila mmoja alipewa jani lililokaushwa na kalamu, aandike jambo moja la kushukuru, kisha alilaze mezani kati ya maboga. Mtoto wa miaka mitano alileta ndege aliyechorwa kwa kufuatisha vidole vya mkono wake, na ndege huyo akasimamishwa mbele ya mshumaa. Na pembeni mwa kila kiti Bibi aliweka punje tano za mahindi, desturi ya zamani ya New England ya kukumbuka njaa ya walowezi wa kwanza wa Kiingereza wa Plymouth, kwenye pwani ya Massachusetts.

Akazungumza pia habari za upande wa pili, kwa sababu alikuwa mwalimu na hakupenda hadithi nusu. Karamu ya vuli ya 1621 ilidumu siku tatu. Massasoit, mkuu wa Wampanoag, alifika na watu wapatao 90 na wakaleta kulungu watano. Mwaka 1676 mwanawe, Metacom, aliuawa katika vita dhidi ya walowezi, na kichwa chake kikatundikwa Plymouth hiyohiyo. Tangu 1970, siku ya shukrani, wenyeji hukusanyika juu ya kilima cha Cole's Hill kwa maombolezo ya kitaifa. Walianza baada ya Wamsutta Frank James, Mwampanoag, kualikwa kuhutubia katika maadhimisho ya miaka 350 ya kufika kwa walowezi, na hotuba yake kukataliwa ilipoonekana imesema kweli. Bibi alishika mkononi hindi moja la rangi wakati wote akisema hayo, na alipolirudisha mezani, alilirudisha mahali pake hasa.

Mimi kwenye jani langu niliandika jina la mama.

Ijumaa asubuhi tulifungasha. Mahindi yalifungwa kwa karatasi, yangedumu miaka. Majani ya nta yalikwenda kwenye mboji, pamoja na vibuyu vilivyoanza kulainika. Bibi alichukua boga la mwisho, lile dogo la mviringo, tamu, linalofaa kupikwa, akaenda nalo kuelekea mlango wa nyuma. Nikamwita. Nikamwomba anipe.

Nililikata jikoni, nikatoa utumbo na mbegu, nikalimenya na kulikata vipande. Tui la nazi nilikuwa nalo la kopo, sukari kidogo, iliki nilizoletwa na Mzanzibari mmoja wa chuoni, chembe ya chumvi. Nikabandika moto mdogo mpaka tui likashika. Tulikula sebuleni, mabakuli juu ya meza iliyo tupu, na Bibi akaongeza mara mbili. Kwetu ulikuwa usiku wa saa mbili, nikampigia mama kwa video nimwoneshe.

"Ndilo lile la mezani?" akauliza.

"Ndilo, mama."

"Limekuwaje?"

"Tamu. La unga."

Alifurahi, nikaona. Alikuwa ametoka kupalilia mchana ule, mvua za vuli zilikuwa zimekuja vizuri. Kisha akasogeza uso karibu na simu. "Mbegu umezitunza?"

Nilikuwa nimezisahau. Nikageuka kuelekea jikoni, nikamkuta Bibi amekwisha kuziosha. Alikuwa ametandaza kile kitambaa cha gunia karibu na dirisha lenye jua, na anazianika, moja moja, kwa ncha ya kidole.